Shilingi ya matibabu: Kenya hununua nini, na Asia hununua nini?

MKAZI wa Theta, wadi iliyo katika eneobunge la Juja, Kaunti ya Kiambu, anapougua huwa na milango mingi ya kubisha. Aweza kwenda katika zahanati iliyo karibu au duka la dawa. Aweza kuelekea hospitali ya Ruiru, au apande matatu hadi Thika Level 5. Tangu 2019 aweza pia kufika katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta eneo la Kahawa, ambayo ilijengwa kwa vitanda vipatavyo 650. Nyuma ya kila mlango kuna mlipaji: serikali kuu, serikali ya kaunti, bima, mfadhili wa kigeni, au mgonjwa mwenyewe kwa fedha alizotoa mfukoni.

Fedha hizo zote zikijumlishwa, Kenya hutumia takriban asilimia nne na nusu ya pato la taifa kwa afya. Kiwango hicho si cha aibu. Sri Lanka hutumia takriban asilimia nne na Thailand takriban tano. Tofauti iko katika kile kinachonunuliwa. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba nchini Kenya akina mama 355 hufariki kutokana na uzazi kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Nchini Sri Lanka na Thailand idadi hiyo ni takriban 30.

Hata hivyo, ni lazima tukiri mapema kwamba asilimia ya pato la taifa huficha jambo moja. Thailand ni tajiri kuliko Kenya, kwa hivyo asilimia tano yake kwa kila raia ni fedha nyingi zaidi. Sri Lanka nayo imekuwa na wasichana wengi shuleni kwa vizazi kadhaa, na mama aliyesoma huokoa watoto hata pale dawa ni haba. Kupima ufanisi wa matumizi ya afya, basi, si kugawanya fedha kwa vifo na kutangaza mshindi.

Shirika la Afya Duniani liliwahi kujaribu kufanya hivyo. Katika ripoti yake ya mwaka 2000 lilipanga mataifa 191 kwa jinsi mifumo yao ya afya ilivyofanya kazi kulingana na uwezo wa kila taifa. Ufaransa iliongoza. Singapore ilikuwa ya sita, Oman ya nane na Japan ya 10. Thailand ilikuwa ya 47, Sri Lanka ya 76, India ya 112, Kenya ya 140, China ya 144, Uganda ya 149 na Tanzania ya 156. Orodha hiyo ilizua mabishano makali kuhusu hesabu zake na shirika hilo halikuirudia tena. Lakini funzo moja halikupotea: mataifa yenye mapato yanayokaribiana yalikuwa yametengana kwa makumi ya nafasi. Mwaka 2010 shirika hilo lilikadiria kwamba kati ya asilimia 20 na 40 ya fedha zote za afya duniani hupotea bure, kupitia dawa ghali zisizohitajika, vifaa visivyotumika, wafanyakazi waliopangwa vibaya na wizi.

Kwa Mkenya, mwanya huo una historia ndefu.

Baada ya uhuru, serikali ya KANU iliondoa ada katika hospitali za umma mwaka 1965. Mwaka uliofuata, 1966, Bunge liliunda hazina ya kitaifa ya bima ya hospitali, NHIF. Wanasiasa wetu wamezoea kutukumbusha kwamba Korea Kusini ilikuwa maskini kama sisi miaka hiyo, na wasomaji wengi wamechoshwa na hadithi hiyo. Lakini kuhusu bima yafaa isimuliwe mara moja zaidi, kwa sababu hapa Kenya ndiyo iliyotangulia. Korea Kusini ilianza bima ya lazima mwaka 1977, miaka 11 baada ya NHIF, tena kwa makampuni yenye wafanyakazi 500 au zaidi pekee. Ikashuka hatua kwa hatua hadi makampuni madogo, ikawaingiza wakulima mwaka 1988 na wakazi wa mijini waliojiajiri mwaka 1989. Ndani ya miaka 12 kila raia alikuwa na bima. Mwaka 2000 vyama vyote vya bima viliunganishwa kuwa kimoja. Kenya, ilipofika 2018, zaidi ya nusu karne baada ya kuanza, takriban raia mmoja tu kati ya watano alikuwa na bima ya aina yoyote.

Sababu moja ni kwamba kwa miaka mingi NHIF ilikuwa kodi ya watu wenye mishahara, basi. Mwalimu na karani walikatwa kila mwezi, wapende wasipende. Mchuuzi wa soko la Ruiru, mvunaji wa kahawa na fundi wa mawe wa Juja waliruhusiwa kujiunga kwa hiari kuanzia 1972, lakini hiari ina kasoro yake. Mtu mzima wa afya huona hasara kulipa. Anayekimbilia kujisajili ni yule aliyekwisha kuugua. Hazina hubaki na wagonjwa wengi na walipaji wachache.

Sababu ya pili ni matumizi ya hazina yenyewe. Mfano unaokumbukwa zaidi ni jengo la kuegesha magari katika makao makuu yake mtaani Upper Hill, Nairobi, ambalo gharama yake ilipanda kutoka takriban Sh900 milioni hadi zaidi ya Sh3 bilioni na kuwaandama wakurugenzi wake mbele ya kamati za Bunge. Nchini Taiwan, ambako bima ya taifa zima ilianza Machi 1, 1995 chini ya mlipaji mmoja, gharama za utawala huwa karibu asilimia moja au mbili ya fedha zote. Kila mwananchi hupewa kadi ya kielektroniki, na hospitali hutuma madai kwa kompyuta, ambapo daktari anayeagiza vipimo kupita kiasi huonekana mapema.

Wakati Asia ya Mashariki ikipanua bima, Kenya ilikuwa ikirudi nyuma. Desemba 1989, kwa shinikizo la wakopeshaji wa kigeni, serikali ilirejesha ada chini ya jina la ugawanaji wa gharama. Matokeo yalionekana upesi. Katika kliniki ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi, mahudhurio ya wanaume yalishuka hadi asilimia 40 ya yale ya awali, na ya wanawake hadi asilimia 65. Ikumbukwe kwamba huo ndio wakati virusi vya Ukimwi vilipokuwa vikienea kwa kasi. Serikali iliokoa shilingi chache dirishani na kujiwekea deni kubwa zaidi la miaka iliyofuata. Ada ya kujisajili ilisimamishwa Septemba 1990, kisha ada zikarudi kwa awamu kuanzia 1992.

Jambo moja zuri katika mpango huo husahauliwa. Hospitali ilibaki na asilimia 75 ya fedha ilizokusanya, na asilimia 25 ikaenda kwa huduma za kinga wilayani. Msimamizi wa hospitali aliweza kununua glavu, sabuni au mafuta ya jenereta bila kusubiri Nairobi.

Mwaka 2004, wakati Theta ingali katika Wilaya ya Thika, ada ilipunguzwa kuwa Sh10 katika zahanati na Sh20 katika vituo vya afya. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha mswada wa bima ya jamii uliosukumwa na Waziri wa Afya, Bi Charity Ngilu, ambao ungemfikia kila Mkenya. Rais Mwai Kibaki alikataa kuutia saini. Juni 2013 ada za zahanati na vituo vya afya ziliondolewa kabisa, na huduma za kujifungua zikawa bila malipo katika hospitali za umma. Ili kufidia ada hizo, kaunti zote 47 ziligawana kwa miaka kadhaa Sh900 milioni kwa mwaka. Ukigawanya fedha hizo kwa Wakenya milioni 47.6 waliohesabiwa mwaka 2019, utapata chini ya Sh20 kwa kila mtu kwa mwaka mzima. Muuguzi anayemwambia mgonjwa kwamba huduma ni bure lakini dawa akanunue dukani hakuvunja ahadi ya serikali. Ahadi ilimfikia ikiwa tayari imepungua.

Ugatuzi, ambao nao ulianza 2013, uliongeza tatizo jingine. Chini ya sheria za usimamizi wa fedha, mapato ya hospitali yalianza kuingizwa katika hazina ya kaunti. Hospitali kama Thika Level 5, ambayo kwa sababu ya mahali ilipo hupokea pia wagonjwa kutoka Murang'a na Machakos, ilikuwa ikikusanya fedha ambazo haikuweza kuzitumia bila kuziomba upya. Ilichukua miaka 10 kabla ya sheria ya kitaifa ya 2023 kuruhusu hospitali na vituo vya afya vibaki na mapato yake. Hapa hapakuhitajika shilingi hata moja ya ziada. Fedha zilikuwepo, zilikuwa zikizunguka tu.

Thailand ni mfano unaofaa kuangaliwa kwa makini, maana hali yake ya awali ilifanana na yetu. Kabla ya 2001 ilikuwa na bima ya watumishi wa umma, bima ya wafanyakazi wa makampuni, mpango wa maskini, na kadi ya hiari ambayo familia ililipia baht 500 na serikali ikaongeza baht 500. Kadi hiyo ilipatwa na maradhi yaleyale ya NHIF: waliojiunga walikuwa wagonjwa. Mamilioni ya watu hawakuwa na kinga yoyote.

Mwaka 2001 serikali ya Thaksin Shinawatra, ikifuata mpango ulioandaliwa kwa miaka mingi na Dkt Sanguan Nitayarumphong, ilianzisha mpango wa baht 30. Aliyekuwa nje ya bima nyingine alitibiwa kwa baht 30 kwa kila ziara, na ada hiyo baadaye ikaondolewa. Uamuzi muhimu ulikuwa huu: serikali haikujaribu kuwafuata wakulima na wachuuzi mlango kwa mlango ikiwadai michango. Ilitumia ushuru wa kawaida, ambao hata mchuuzi hulipa anaponunua bidhaa dukani. Kila hospitali ya wilaya ikapewa kiasi maalumu kwa kila mtu aliyesajiliwa kwake, awe ameugua au la. Mgonjwa alitakiwa kuanzia hapo, na kwenda hospitali kubwa kwa rufaa. Hospitali iliyowazuia watu wake wasiugue ilibakiwa na fedha.

Mpango huo haukuota kwenye ardhi tupu. Kwa miongo miwili kabla yake Thailand ilikuwa ikijenga hospitali za wilaya na kuwalazimu madaktari wapya kuhudumu mashambani. Baht 30 ilipokuja, kulikuwa na mtu wa kumpokea mgonjwa. Hata hivyo, hospitali zilifurika, baadhi zikalalamikia hasara, na madaktari wakahamia za kibinafsi. Lakini sehemu ya gharama inayotoka mfukoni mwa mgonjwa ilishuka hadi takriban asilimia 10. Nchini Kenya ni kama robo.

Singapore, ambayo hutajwa sana katika hotuba, ina njia ya kipekee: tangu 1984 kila mfanyakazi hulazimika kujiwekea akiba ya matibabu, na bima ya magonjwa makubwa iliongezwa 1990. Mpango huo hufaa mji wenye ajira rasmi karibu kwa kila mtu. Katika nchi ambayo wafanyakazi wengi hawana hati ya mshahara, sioni jinsi ungeanza.

Japan ilikamilisha bima ya watu wote mwaka 1961. Siri yake ni bei. Kila baada ya miaka miwili serikali hutoa orodha ya bei ya kila huduma, na hospitali yoyote, ya umma au ya kibinafsi, hulipwa bei hiyohiyo. Japan ni miongoni mwa mataifa yenye mashine nyingi zaidi za kupiga picha za ndani ya mwili kwa idadi ya watu, na bado picha hizo ni nafuu.

Kenya nayo ilijaribu mashine. Mwaka 2015 serikali kuu ilikodisha vifaa vya upasuaji, vya kusafisha damu, vya wagonjwa mahututi na vya picha kwa hospitali 98, mbili katika kila kaunti na nne za kitaifa, kwa mkataba wa Sh38 bilioni ambao gharama yake iliendelea kupanda. Malipo yalikatwa kutoka mgao wa kaunti. Kamati ya Seneti iliyochunguza mradi huo mwaka 2020 iliushutumu vikali. Vifaa vingine vilikaa bila kutumiwa kwa kukosa umeme wa kutosha, maji au wataalamu, huku kodi ikilipwa. Si haki kusema mradi wote ulikuwa hasara: huduma ya kusafisha damu, ambayo hapo awali ilimlazimu mgonjwa wa figo kusafiri hadi Nairobi au mji mwingine mkubwa, ilifika kaunti nyingi. Ambalo halina utetezi wowote ni kliniki 100 za kontena, kila moja ikigharimu Sh10 milioni, ambazo ziliachwa zikichakaa katika uwanja wa Miritini, Mombasa.

Ukiuliza ni wapi shilingi ya Kenya ilifanya kazi vyema, jibu liko katika mambo yasiyozinduliwa kwa utepe. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 115 kwa kila 1,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2003 hadi 41 katika ule wa 2022. Chanjo, vyandarua na dawa za Ukimwi zilichangia sana, na sehemu kubwa ya fedha zake ilitoka kwa wafadhili, hasa Marekani, ambayo ilisimamisha misaada yake mapema 2025 na kulifunga shirika la USAID Julai mwaka huo.

Kuhusu uzazi, picha ni ya kutatanisha. Mwaka 2014 asilimia 61 ya watoto walizaliwa hospitalini. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 82. Huo ni mruko mkubwa. Iwapo mama anafika wodini na bado anafariki, basi kasoro imehama kutoka barabarani hadi ndani ya jengo: damu haipo, daktari wa upasuaji yuko mbali, au wauguzi ni wachache. Sri Lanka ilianza kulishughulikia jambo hilo kabla ya watu wengi wa sasa kuzaliwa. Mwaka 1926 ilifungua kituo cha afya ya jamii wilayani Kalutara, na mkunga wa afya ya umma akawa nguzo ya kila kijiji. Mkunga mmoja huhudumia takriban watu 3,000, huwajua waja wazito wote kwa majina, na kila kifo cha mama huchunguzwa. Si kwamba raia wa huko hawalipi chochote. Hulipia sana ziara ndogondogo kwa madaktari wa kibinafsi. Lakini kulazwa na kujifungua, mambo yanayoweza kuifilisi familia, ni bure. Msukosuko wa kiuchumi wa 2022 ulipoleta uhaba wa dawa, ndipo ilipodhihirika kwamba hata mfumo huo una kikomo.

India, ambayo Wakenya wengi wenye saratani na maradhi ya moyo wameitegemea, ina sura mbili. Hospitali zake kubwa hupasua moyo kwa gharama ndogo kuliko Ulaya kwa sababu timu moja hufanya upasuaji mwingi kila siku. Hata hivyo, serikali yake imetumia kidogo mno kwa afya, na raia wake kwa miaka mingi walilipa zaidi ya nusu ya gharama kutoka mfukoni. Septemba 2018 ilianzisha bima ya hadi rupia 500,000 kwa familia maskini kwa mwaka. Familia inayochangisha harambee mjini Thika ili kumpeleka mgonjwa India hununua ujuzi ambao Wahindi wengi wenyewe hawakuweza kuumudu.

Kenya sasa iko katika jaribio jipya. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilitiwa saini Oktoba 2023, ikabatilishwa na Mahakama Kuu Julai 2024, ikaokolewa kwa muda na Mahakama ya Rufaa, na Oktoba 1, 2024 mamlaka mpya, SHA, ikachukua nafasi ya NHIF. Mchango ni asilimia 2.75 ya mshahara, na usipungue Sh300 kwa mwezi. Anayelipwa Sh20,000 alikuwa akikatwa Sh750 na NHIF. Sasa hukatwa Sh550. Wa Sh100,000 alikuwa akitoa Sh1,700. Sasa hutoa Sh2,750. Kwa mizani ya haki, hesabu hiyo ni bora kuliko ya zamani.

Shaka iko kwa wasio na mishahara. Zaidi ya watu milioni 20 walikuwa wamejisajili kufikia 2025, lakini waliolipa kutoka sekta isiyo rasmi walikuwa sehemu ndogo. Fundi wa Theta hupigiwa hesabu ya mapato kwa maswali kuhusu nyumba na mali yake, kisha huambiwa alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Ni njia ileile ambayo Thailand iliiacha mwaka 2001. Machi 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Bi Nancy Gathungu, naye aliripoti kwamba mfumo wa kompyuta wa SHA wa Sh104.8 bilioni ulinunuliwa kinyume cha taratibu, na kwamba serikali haiumiliki.

Kando ya bima hiyo kuna hazina ya huduma za msingi, inayofadhiliwa kwa ushuru, ambayo inapaswa kulipia matibabu ya zahanati na vituo vya afya bila mchango wowote wa mgonjwa. Huo ndio mpango unaokaribia zaidi ule wa Thailand. Mamlaka iliweka kiwango cha Sh900 kwa kila mtu kwa mwaka. Bajeti ya 2025/26 iliitengea Sh13.1 bilioni, yaani karibu Sh250 kwa kila Mkenya.

Fedha hizo hazimfai mgonjwa iwapo hakuna wa kumhudumia. Mwaka 2024 madaktari waligoma kote nchini kwa siku 56. Mwaka 2025 wale wa Kaunti ya Kiambu waligoma peke yao kwa takriban miezi mitano, kuanzia mwishoni mwa Mei. Katika miezi hiyo Thika Level 5, Kiambu, Gatundu na Ruiru zilikuwa na majengo, vitanda na mashine zilizolipiwa tayari, na makato ya asilimia 2.75 yaliendelea kutolewa kwenye mishahara ya wakazi kila mwisho wa mwezi.